Nyani Haoni Kundule: Sura ya Nyani katika Semi na Ngano Zetu

Husemwa mara kwa mara, na walimu wetu hulirudia neno hili darasani, kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Neno hili ni la kweli, lakini ukweli wake ni nusu. Kioo hakimfai kila anayekitazama. Humfaa yule tu atambuaye kwamba sura aionayo humo ni yake mwenyewe. Asiyetambua hivyo huiona sura ile, akadhani ni ya mwingine, akaicheka.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza kioo kimoja cha zamani sana katika lugha yetu. Kioo hicho ni mnyama: nyani, pamoja na jamaa zake kima, ngedere, tumbili na sokwe. Tutauliza wahenga walimtumia mnyama huyu kwa kazi gani, sisi tunamtumia kwa kazi gani, na elimu iliyopatikana katika misitu ya nchi yetu wenyewe inatuambia nini juu ya matumizi hayo. Dai letu ni kwamba wahenga walimweka nyani mbele yetu ili kila mtu ajione, nasi tumemgeuza kuwa tusi la kumtupia mwenzetu. Na kwamba nyani huyo tunayemcheka humtendea mwenziwe jambo jema ambalo sisi aghalabu hatulitendi.

Doti ya kanga katika Mtaa wa Uhuru

Tuanzie mjini. Mchafukoge ni kata ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, jirani ya Kariakoo. Asikiaye jina hilo kwa mara ya kwanza husikia ndani yake maneno mawili, uchafu na kukoga, kana kwamba mji unamwamuru mgeni wake akaoge kabla ya kuingia. Pande hizo ndiko yaliko maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, mtaa unaoanzia kwenye Mnara wa Saa na kuelekea Kariakoo. Mwanafunzi anayetaka kuona methali zikifanya kazi, badala ya kuziona zimelala kitabuni, na aende huko. Kila kanga ina pindo lake, ina mji wake, na juu ya pindo la chini ina jina lake. Na wanunuzi wengi husoma jina kwanza, rangi baadaye.

Siku moja tulisimama katika duka mojawapo, tukamsikia mama mmoja mtu mzima akiongea na kijana muuzaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishushie ile ya pindo jeusi. Jina lake linasemaje?"

Kijana akamsomea: "Nyani haoni kundule."

"Hiyo hiyo ndiyo niitakayo. Nifungie doti moja. Wala si yangu, mwanangu. Nampelekea jirani yangu."

"Sawa, mama. Na huyo jirani akija kesho akaitaka hiyo hiyo ili akuletee wewe, nimuuzie?"

Mama alicheka, kisha akanyamaza kidogo akiitazama ile nguo. "Basi ikate," akasema. "Kipande kimoja chake, kimoja changu."

Tumesoma maelezo mengi juu ya methali hii vitabuni, lakini hatujakutana na mhakiki aliyeieleza vizuri kuliko mama yule. Doti ya kanga ni vipande viwili vilivyofumwa pamoja na kuandikwa jina lile lile. Kwa hiyo kila anayemnunulia mwenziwe methali hii anabaki na nusu yake mkononi.

Methali na mtego wake

Tuitazame methali yenyewe kwa ukamilifu wake: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Maneno ni sita tu, lakini kila moja limewekwa mahali pake kwa makusudi.

Kwanza, neno kundu. Walimu wengi huona haya kulitamka mbele ya wanafunzi, wakaifupisha methali au kuipitia haraka. Tunadhani hilo ni kosa. Wahenga wangeweza kusema nyani haoni mgongo wake, na maana ingebaki. Walichagua neno la aibu kwa sababu habari yenyewe ni ya aibu. Kosa tulifichalo halikai mahali pa heshima, na methali isiyouma haiponyi.

Pili, neno huliona. Kiambishi hu- chaonyesha mazoea. Methali haisimulii habari ya siku moja ambapo nyani mmoja alikosea. Yatuambia kwamba hii ni desturi ya kila siku.

Tatu, na hili ndilo kubwa, neno mwenziwe. Mwenzi ni neno la udugu. Ni mtu wa kundi lako, mnayekula naye na kulala naye mti mmoja. Methali haisemi kwamba nyani huliona la adui yake, wala la mnyama wa jamii nyingine. Yule anayechekwa na yule anayecheka ni wa aina moja, wana umbile moja na kasoro moja. Hapa ndipo palipo mtego. Mtu anapomwambia mwenziwe "nyani haoni kundule," amekwisha kufanya lile lile analolishutumu: ameliona la mwenziwe. Kwa kulitamka neno hilo ameingia mwenyewe katika kundi la nyani. Hakuna awezaye kuitumia methali hii kwa mwingine akabaki nje yake.

Mtego huo haukubuniwa na watu waliokaa chumbani. Nyani ana sugu mbili ngumu matakoni, zisizo na manyoya, ambazo huzikalia anapolala juu ya matawi na majabali. Na kwa nyani jike sehemu hiyo huvimba na kuwa nyekundu wakati wa kutaka dume. Jambo hilo huonekana kutoka mbali, isipokuwa kwa mwenyewe. Wahenga walimtazama mnyama vizuri kabla ya kumtia katika lugha.

Semi nyingine za jamii hii zina umakini ule ule. Tunaambiwa kwamba ukitaka kumwua nyani usimtazame usoni. Kwa nini? Kwa sababu ukimtazama usoni utaona sura inayofanana na yako, na mkono utalegea. Tunaambiwa kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Maana yake hata fundi wa kupanda ana siku yake. Tunaonywa tusipeleke kesi ya ngedere kwa nyani, kwa kuwa hakimu na mshtakiwa ni ndugu. Mwanafunzi na azichunguze semi hizi moja moja. Ataona kwamba hakuna hata moja inayomlaumu nyani kwa kuwa nyani. Zote ni habari za watu: upofu wetu, huruma yetu, bahati yetu na upendeleo wetu.

Ukubwa wa msamiati wetu nao ni ushahidi wa utazamaji huo. Nyani ana pua ndefu kama ya mbwa na hutembea sana ardhini. Tumbili ni mdogo, wa kijivu, mwenye uso mweusi. Mbega ana manyoya marefu meusi na meupe. Kima punju ni wa Unguja, na wengi humwona katika msitu wa Jozani. Komba hutembea usiku. Sokwe hana mkia kabisa. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba wamemgundua kima asiyejulikana katika sayansi, katika misitu ya Rungwe na ya Udzungwa; lakini jina alilopewa, kipunji, lilikuwa tayari katika vinywa vya Wanyakyusa. Elimu ya dunia ilimfikia kwa kuchelewa mnyama aliyekuwa na jina siku zote. Mhakiki anayewaita wote hao "nyani" bila kubagua ana macho hafifu kuliko ya bibi zake.

Ngano ya mikono michafu

Tukitoka kwenye methali tukaingia katika ngano, twakuta sura nyingine. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati husimuliwa hadithi ya Nyani na Kobe. Nyani alimwalika Kobe karamu, akakiweka chakula juu ya mti. Kobe hawezi kupanda, akarudi kwake na njaa. Baadaye Kobe naye akamwalika Nyani. Ilikuwa kiangazi, nyasi zote kandokando ya nyumba zimeungua, ardhi imejaa masizi. Nyani akafika, mikono ikiwa myeusi. Kobe akamwambia kwa adabu kwamba mgeni hali kabla ya kunawa, aende mtoni. Nyani akaenda, akanawa akatakata, akarudi. Lakini Nyani hutembea kwa mikono na miguu pamoja, na njia ya kurudi ilipita katika yale masizi. Akafika na mikono myeusi. Akaambiwa akanawe tena. Aliporudi mara ya mwisho chakula kilikuwa kimekwisha.

Ngano hii hufundishwa kama funzo la kisasi: ubaya hulipwa kwa ubaya. Funzo hilo limo, wala hatulikatai. Lakini tunaona ndani yake jambo zito zaidi, ambalo wahakiki wamelipita. Mikono ya Nyani ilikuwa michafu kweli. Kobe hakusema uongo. Hata hivyo uchafu ule haukuwa tabia ya Nyani. Ulitokana na njia aliyolazimika kuipita, na aliyeijua njia hiyo vizuri ndiye aliyemwamuru akanawe. Kumwambia mtu "wewe mchafu, kaoge" na huku umemzungushia majivu ni udhalimu uliovaa nguo za usafi.

Historia ya mji wetu yaonyesha kwamba ngano hiyo haikukaa porini tu. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi iliyoigawa Dar es Salaam kwa aina za nyumba. Waingereza waliofuata waliutia nguvu mgawanyo huo, nao watu wakaziita sehemu hizo kwa majina yaliyoeleweka na wote: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ulio mlangoni mwa Kariakoo, uliachwa wazi ili kuwatenga wakazi wa pande mbili, na afya ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwafrika aliwekwa Uswahilini, akanyimwa huduma walizopewa wengine, kisha hali ya mtaa wake ikafanywa hoja ya kumweka mbali. Kobe alikuwa ofisini.

Lakini mji huo huo ulijibu. Mtaa wa Lumumba, kandokando ya uwanja huo huo, ndipo TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Ardhi iliyokusudiwa kuwatenga watu ikawa jirani ya nyumba iliyowaunganisha. Nyani wa ngano hakuwa na chama. Alirudi mtoni peke yake kila mara.

Ipo pia ngano ya Kima na Papa, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Chimbuko lake ni la mbali. Imesafiri kutoka Bara Hindi kupitia kwa Waarabu hadi pwani yetu, ikapata mkuyu na papa wa kwetu. Papa amchukua Kima mgongoni, na katikati ya bahari amwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapigi kelele. Asema kwamba moyo wake ameuacha nyumbani mtini, basi warudi wauchukue. Papa arudi, na Kima apanda mtini salama. Katika ngano hii mnyama mdogo ndiye mwenye akili, na mkubwa ndiye mjinga. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa, "Je, fasihi yetu humdharau nyani na jamaa zake?" asikubali wala asikatae upesi. Kima asimamapo mbele ya sultani anayetaka moyo wake, fasihi yetu huwa upande wa kima.

Yaliyoonwa Gombe na Mahale

Hadi hapa tumesema habari za nyani wa maneno. Sasa yatupasa tumtazame nyani wa damu na nyama, pamoja na jamaa yake sokwe, kwa kuwa nchi yetu ndiyo iliyoupa ulimwengu sehemu kubwa ya elimu juu yao.

Tarehe 14 Julai 1960, msichana Mwingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika katika mkoa wa Kigoma. Kazi aliyoianza, iliyoendelea muda mrefu baada ya yeye kukoma kuishi huko, ilimfuata hadi kifo chake tarehe 1 Oktoba 2025. Kabla ya mwaka ule wa kwanza kwisha alimwona sokwe dume akichukua ubua wa nyasi, akiuingiza katika kichuguu, na kuuchomoa ukiwa umejaa mchwa, akawala. Akaona pia sokwe wakipukuchua majani ya kijiti ili kukifanya kifae. Hadi siku hizo wataalamu wengi walifundisha kwamba kutengeneza vifaa ndiko kunakomtofautisha mtu na mnyama. Louis Leakey, aliyemtuma, alijibu kwamba sasa ama maana ya kifaa ibadilishwe, ama maana ya mtu ibadilishwe, ama sokwe wakubaliwe kuwa watu.

Mengine yaliyofuata yaligusa moyo. Mwaka 1972 alikufa sokwe jike mzee aliyeitwa Flo. Mwanawe Flint, mwenye umri wa miaka minane hivi, alikataa kula, akadhoofika, akafa wiki chache tu baadaye. Mwaka 1987 sokwe mdogo aliyefiwa na mama, jina lake Mel, alichukuliwa na kijana dume aliyeitwa Spindle, ambaye hakuwa ndugu yake. Akambeba mgongoni na kulala naye katika tundu moja.

Lakini kioo hakionyeshi uzuri peke yake. Januari 1974 Hilali Matama, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wafuatiliaji wa sokwe hapo Gombe, alishuhudia kundi la madume likimvamia dume aliyekuwa akila peke yake, likampiga na kumng'ata hadi likamwacha hoi, hakuonekana tena. Aliyevamiwa alikuwa wa kundi lililojitenga, lililoitwa Kahama. Waliomvamia walikuwa wa Kasakela, waliokuwa wenzake wa zamani. Kwa muda wa miaka minne, hadi 1978, madume wote wa Kahama waliuawa au walitoweka mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamekua pamoja na kuchambuana manyoya pamoja.

Yafaa tukumbuke ni nani walioiandika habari hiyo. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa walivamia kituo cha Gombe na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni, ambao baadaye waliachiwa. Wageni wakaondoka. Waliobaki na kuendelea kupanda vilima kila alfajiri, daftari mkononi, walikuwa Watanzania wa vijiji vya Kigoma, akina Hilali Matama na Eslom Mpongo. Vitabu vya dunia vinavyoeleza vita vya sokwe vimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya macho yao. Elimu hii, kwa hiyo, si ya kuazima. Ni sehemu ya utamaduni wetu kama zilivyo methali, na imetokana na ustadi ule ule wa kutazama.

Kusini ya Gombe, katika milima ya Mahale, Mjapani Toshisada Nishida alianza kazi mwaka 1965. Huko iligunduliwa desturi ya ajabu: sokwe wawili wanapochambuana manyoya hushikana mkono mmoja mmoja na kuiinua juu ya vichwa vyao, huku mikono mingine ikiendelea na kazi. Sokwe wa Gombe hawana desturi hiyo. Watu walioitazama tofauti hii waliona haya kuiita mila, kisha wakakosa neno jingine lililoifaa.

Hapa tuweke wazi jambo moja kwa ajili ya wanafunzi, maana kosa hili husikika hata vinywani mwa wasomi. Sayansi haisemi kwamba mtu ametokana na nyani, wala na sokwe tunayemwona leo. Yasema kwamba mtu na sokwe wametokana na wazee wa pamoja walioishi miaka milioni kadhaa iliyopita, na kwamba nyani yu mbali zaidi katika ukoo huo. Sokwe si babu yetu, ni binamu.

Swali la kioo limewahi kujaribiwa kwa kioo halisi. Mwaka 1970 Mmarekani Gordon Gallup alieleza jaribio lake: aliwapaka sokwe alama ya rangi usoni walipokuwa wamelala kwa dawa, kisha akawaonyesha kioo. Sokwe walipojiona waliigusa alama kwenye nyuso zao wenyewe. Walijua ni wao. Kima waliojaribiwa hivyo hivyo hawakujua. Walikiendea kioo kana kwamba humo mna kima mwingine. Basi wahenga hawakukosea kumchagua nyani, badala ya sokwe, kuwa mfano wa asiyejiona.

Lakini wahenga walituachia nusu ya habari, na nusu ya pili yafaa tuitafute wenyewe. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe: akishaliona hufanya nini? Aliyekaa akalitazama kundi la nyani jioni anajua jibu. Hamcheki. Huketi nyuma ya mwenziwe, akamfungua manyoya kwa vidole, akamtoa kupe na uchafu mahali ambapo mwenyewe hafiki. Kisha hugeuka, naye akatendewa vivyo hivyo. Huko Amboseli, Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, imeonekana kwamba majike walio na ujirani mwema wa namna hiyo hulea watoto wengi zaidi wakakua. Kuliona la mwenzi, kwa nyani, ndiyo njia ya kumsafisha.

Tusi na historia yake

Sisi tumelifanyia nini jina lake? Tumelifanya tusi. Katika viwanja vya shule, katika daladala na katika mabishano ya mpira, neno nyani hutupwa kama jiwe. Mwanafunzi mweusi zaidi kuliko wenzake huitwa sokwe, na darasa hucheka. Wako walimu wasioona ubaya wake, wakidhani ni utani wa watoto.

Utani huo una historia. Septemba 1906, katika jiji la New York, kijana Mkongo aliyeitwa Ota Benga aliwekwa ndani ya nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, pamoja na sokwe wa Asia, na umati wa watu ukaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga hadi akatolewa. Hakurudi kwao. Alijiua mwaka 1916, na taasisi inayoiendesha bustani ile iliomba radhi mwaka 2020, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mwaka 2006 huko Zaragoza, Hispania, Samuel Eto'o wa Kameruni alitaka kuondoka uwanjani kwa sababu watazamaji walikuwa wakimwigia milio ya nyani. Tusi ni lile lile, na waliolibuni walikuwa na haja nalo: usipomtazama mtu usoni ni rahisi kumfanyia lolote. Wahenga walikwisha kutuambia hivyo.

Sasa tujiulize kwa uaminifu. Mtoto wa Kitanzania anapomwita mwenziwe sokwe kwa sababu ya rangi yake, ametumia lugha ya nani? Hakuitoa katika methali. Katika methali nyani ana mwenzi, na msemaji yumo. Ameitoa katika umati wa Bronx, ambamo msemaji husimama nje ya chuma, akaona la mwenziwe, na kujidhani hana lake.

Hitimisho: kazi ya mhakiki

Tulianza kwa kusema kwamba kioo humfaa ajitambuaye. Tumalizie kwa kusema kwamba hata ajitambuaye hawezi kuuona mgongo wake. Hapo ndipo mwenzi anapohitajika, na hapo ndipo kazi ya uhakiki inapoanzia. Mwandishi haoni kasoro ya kitabu chake, si kwa ujinga, bali kwa sababu ya mahali alipokaa. Mhakiki huiona. Akiishia kucheka, hajafanya zaidi ya kilichosemwa katika methali. Akiketi nyuma ya mwenziwe, akaitafuta kasoro kwa vidole vya subira na kuitoa, kisha akageuka akakubali kutazamwa naye, amefanya afanyavyo nyani mwenyewe. Na kwa mara hii mfano huo ni wa sifa.

Twawashauri walimu waitamke methali hii darasani kwa ukamilifu, bila kuona haya, na kila mwanafunzi aandike kwanza habari za kundu lake kabla ya kuandika za jirani. Wawapeleke wanafunzi wa Dar es Salaam katika Mtaa wa Uhuru wakasome majina ya kanga, na kwa kila jina waulize: nani anamwambia nani, na nani anabaki na kipande cha pili? Na mtoto akimwita mwenziwe nyani, mwalimu asimchape tu. Amsimulie habari za Ota Benga, kisha za Spindle na Mel.

Mgeni anayefika Mchafukoge na kulisikia jina la mtaa kwa mara ya kwanza hutazama kushoto na kulia akimtafuta mchafu aliyetajwa. Mwenyeji hucheka, maana anajua kwamba jina hilo halikumtaja mtu. Kila mmoja ana mahali ambapo mkono wake haufiki, na wahenga walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.